Uzinduzi wa Maporomoko ya Kilima Nundu

Nchini kwetu hakuna kitu kinachoanza kabla hakijazinduliwa. Kisima kikichimbwa, maji hayanywewi mpaka aje mgeni rasmi, akate utepe na kunywa glasi ya kwanza mbele ya kamera. Daraja likijengwa, watu wanaendelea kuvua viatu na kuvuka kwa miguu mtoni, huku daraja liko juu ya vichwa vyao limefungwa utepe, likisubiri siku yake. Tumezoea, na sidhani kama kuna ubaya.

Maafa nayo yaliingizwa kwenye utaratibu huo baada ya mafuriko ya Bonde la Chini. Mafuriko yale yalikuja wakati waziri yuko safarini, na wananchi, kwa pupa, wakaokoana wenyewe wakamaliza. Waziri aliporudi alikuta maji yamekauka na watu wako majumbani wanaanika magodoro. Hapakuwa na picha hata moja. Mafuriko makubwa namna ile yakawa yamepotea bure. Bunge likakaa, likapitisha sheria kwamba tangu siku hiyo janga lolote la asili litatambuliwa pale tu litakapozinduliwa na mgeni rasmi, mubashara, kupitia Redio na Televisheni ya Umma, na kwamba kabla ya hapo mtu yeyote asiguse kitu katika eneo la tukio.

Nayasema haya mapema ili msomaji asije akawafikiria vibaya watu nitakaowataja. Kila mmoja wao alikuwa kazini.

Mimi kazi yangu ni kukodisha viti na maturubai. Ndiyo maana nilikuwepo.

*

Kilima Nundu kiliporomoka alfajiri, kikaangukia kitongoji cha Mferejini. Kwa bahati kilinguruma kwanza, mbwa wakabweka, na watu wakawahi kukimbilia uwanja wa shule. Waliobaki nyuma ni wawili tu: Mzee Shomari, ambaye goti lake lilikuwa halikunjiki, na mkewe Bi Mwantumu, ambaye alikataa kumwacha. Udongo uliifunika nyumba yao hata paa lisionekane.

Binti yao, Sikudhani, anayekaa nyumba ya jirani, alirudi mbio kulipopambazuka. Alikuta tope limetulia, na katikati ya tope limechomoza bomba la plastiki, lile la kuteremshia maji ya mvua kutoka kwenye paa. Ncha moja ilikuwa nje. Ncha ya pili, kama alivyokumbuka, iliishia kwenye pipa la maji jikoni kwa mama yake. Akapiga magoti, akaweka mdomo.

"Mama! Shikamoo!"

Sauti ikapanda, nyembamba, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi.

"Marahaba. Unanishikamoo kwenye bomba?"

"Mko wazima?"

"Mimi mzima. Paa limelala juu ya kabati, limetuachia nafasi. Baba yako mguu umebanwa na boriti. Amenuna."

"Baba, shikamoo!"

"Marahaba," ikajibu sauti nzito kwa mbali. "Acheni salamu. Leteni majembe."

Majirani walileta majembe. Walikuwa wamechimba kina cha goti hivi lilipofika gari la polisi, na nyuma yake gari jeupe la Afisa Itifaki wa wilaya, Bwana Aristarki. Ni mtu msafi sana. Alikuwa amevaa viatu vyeusi vya kung'aa, na alikuja na mtu wa kumtandikia mbao ili asikanyage tope.

"Nani amewaruhusu kuchimba?" aliuliza kwa upole.

"Bosi, kuna watu humu," alisema jirani mmoja. "Wako hai. Sikiliza."

Wote tukanyamaza. Kutoka chini zilisikika sauti mbili. Moja ya mwiko ukigonga sufuria: hiyo ilikuwa ya Bi Mwantumu. Nyingine ya bakora ikigonga mbao: hiyo ilikuwa ya Mzee Shomari.

"Nawasikia," alisema Bwana Aristarki. "Hakuna anayebisha kwamba wako hai. Lakini maporomoko hayajazinduliwa. Kisheria, hapa bado hakuna kilichoporomoka. Sasa nyie mnachimba nini?"

Polisi wakakusanya majembe yote, wakayaosha, wakayafunga vitambaa vya rangi za taifa kwenye mipini na kuyapanga mstari mmoja kwa ajili ya uzinduzi. Yalipendeza.

"Mgeni rasmi anakuja saa ngapi?" aliuliza Sikudhani.

"Mheshimiwa Waziri wa Maafa na Shukrani yuko kaskazini, anazindua ukame," alijibu Bwana Aristarki. "Akimaliza, kesho yuko hapa. Pole sana, mama. Serikali iko pamoja nawe."

Kisha akanigeukia mimi. Alitaka turubai kubwa, viti vya plastiki kwa wananchi, viti vya kitambaa kwa meza kuu, na zulia jekundu. Alitaka vyote viwekwe palipo tambarare. Palipo tambarare palikuwa juu ya jiko la Bi Mwantumu.

Nikamwonesha kwa kidole. Akasema ndiyo, hapo hapo, mandhari ni nzuri, kilima kilichokatika kitaonekana nyuma ya Waziri. Nilifikiri labda wana vipimo vyao.

*

Waandishi walifika kabla ya mchana. Sote tulimtambua Fidelisi aliposhuka kwenye gari. Fidelisi ndiye Mtangazaji Mwandamizi wa Majonzi. Sauti yake nchi nzima inaijua, ile inayotetemeka kidogo mwishoni mwa sentensi. Kina mama wamelia kwa ajili ya ajali ambazo wasingezijali kama angezisoma mtu mwingine. Alikuja na mpiga picha, fundi sauti aliyevaa visikilizio vikubwa masikioni, na dada mmoja mwenye mkoba wa vipodozi.

Kwanza walikula. Ilikuwa pilau na kuku, imefungwa kwenye vifuko vya plastiki. Walikula wamesimama, wakiangalia kilima na kusema ni kizuri. Fidelisi alimaliza paja lake, akautupa mfupa kwenye tope, akaufuatisha na kile kifuko. Mbwa wa mtaa akaja, akautafuna mfupa pale pale juu ya jiko la Bi Mwantumu. Kisha Fidelisi akajifuta vidole, akatoa leso nyingine mfukoni, akaigusisha machoni. Leso ile ilinuka kitunguu. Macho yakajaa.

"Tupo hewani?" aliuliza.

Walipokuwa hewani alisema kwamba amesimama mahali ambapo maneno yanakwisha. Akayasema mengi. Alisema Kilima Nundu kimewameza wana wa nchi hii wakiwa usingizini, na kwamba hakuna aliyenusurika. Kisha ikapigwa muziki wa zeze la huzuni, na sauti ya mwanamke mchangamfu ikasema: "Matope haya yameletwa kwenu na sabuni ya unga ya Ng'aring'ari. Ng'aring'ari, hakuna doa linalobaki!"

Sikudhani alikuwa karibu. Alimwendea.

"Kaka, umesema hakuna aliyenusurika."

"Ndiyo, dada. Pole sana."

"Wazazi wangu wako hai. Wanagonga. Njoo usikie."

Fidelisi alimtazama fundi sauti. Fundi sauti akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Ndiyo hiyo kelele niliyokwambia, bosi. Tok, tok, tok. Inaingia kwenye kila tunachorekodi. Hawawezi kuambiwa waache kidogo?"

"Dada yangu," alisema Fidelisi, na akamshika bega kwa huruma ya kweli, "mimi nakuamini. Lakini habari imeshatoka. Tumewatangulia wenzetu wote. Watu wameanza kulia mpaka mikoani. Nikirudi sasa niseme wako hai, nitakuwa nimewadanganya waliolia."

"Lakini si ndiyo kweli?"

"Kweli ipo. Itatoka ikizinduliwa."

Nilikuwa napanga viti na nilisikia vizuri. Nilijiambia pengine kazi ya utangazaji ina mambo ambayo sisi wa nje hatuyaelewi.

Alasiri ile Sikudhani alirudi kwenye bomba. Turubai lilikuwa limeshasimama, na bomba lilikuwa limebaki mbele kidogo ya meza kuu.

"Mama, mnaendeleaje?"

"Tunasikiliza redio," ilisema sauti ya Bi Mwantumu. "Ile yangu ndogo, niliivaa shingoni kwa ajili ya matangazo ya vifo. Ndimo nilimosikia changu. Huyo kijana anasema nimekufa nikiwa na miaka themanini. Mwambie sijafika huko. Amwogope Mungu."

"Nitamwambia. Baba je?"

"Anataka ugoro wake. Na anasema mguu hausikii tena." Kisha akauliza: "Sikudhani, hayo majembe yako wapi?"

"Yako hapa, Mama. Yamefungwa vitambaa."

Bi Mwantumu hakuuliza vitambaa vya nini. Ameishi nchi hii muda mrefu.

*

Asubuhi ya pili ilikuja brass bendi ya polisi, zikaja na ngoma za asili, ukaja na ujumbe wa kiwanda cha sabuni ya Ng'aring'ari na mabango yao. Bwana Aristarki alikuwa anazunguka na mshereheshaji wakikagua ratiba. Akaliona bomba.

"Hiki nini?"

"Ni bomba la wazazi wangu," alisema Sikudhani. "Wanapumulia. Na ndimo tunamoongea."

"Linaharibu picha."

Watu wakainamisha vichwa wakifikiri. Dada wa vipodozi ndiye aliyepata wazo. Alichukua shada la maua ya plastiki kutoka meza kuu, akalichomeka kwenye mdomo wa bomba, akalizungushia utepe. Likageuka chombo cha maua. Bwana Aristarki akarudi nyuma hatua kadhaa, akakunja jicho moja, akasema hapo sawa.

Sikudhani aliyachomoa maua. Askari akayarudisha. Sikudhani akayachomoa tena, na askari wa pili akawekwa kuyalinda.

"Watakosa hewa!" alipiga kelele. "Nyie watu, mna nini nyie?"

"Mama, mama," alisema Bwana Aristarki. "Njoo tuongee kikubwa. Wewe umeteuliwa. Wewe ndiye Mfiwa Rasmi."

"Sijafiwa mimi!"

"Bado. Sikiliza. Waziri akifika, kuna wimbo wa taifa, kuna utambulisho, kuna hotuba. Halafu unasimama wewe, unatoa shukrani. Baada yako ni dakika moja ya ukimya. Baada ya ukimya, Mheshimiwa anachimba jembe la kwanza, na hapo kila mtu ruksa kuchimba. Umeona? Ukitoa shukrani nzuri, fupi, zenye mpangilio, wazazi wako wanatoka mapema. Ukileta fujo, sherehe inaahirishwa. Na kesho Mheshimiwa ana nzige."

Sikudhani aliyatazama maua yaliyoziba bomba. Kisha akauliza aseme nini.

Walimfundisha. Kwanza kabisa amshukuru Mheshimiwa Rais kwa mapenzi yake kwa wahanga. Pili Mheshimiwa Waziri kwa kuacha shughuli zake. Tatu mkoa, nne wilaya, tano vyombo vya habari kwa kuwa sauti ya wasio na sauti, sita kiwanda cha sabuni. Fidelisi akasikiliza, akasema maneno ni mazuri ila uso bado.

"Uso wako hauna maafa, dada. Unaonekana kama mtu mwenye hasira."

Dada wa vipodozi alichota tope kwa vidole viwili, akampaka shavuni. Akarudi nyuma kutazama, akaongeza kidogo kwenye paji la uso. Tope lenyewe lilikuwa pale pale kila mahali, na Sikudhani alikuwa amelala juu yake, lakini walisema lile la usiku limekaukia vibaya, halioneshi kwenye kamera.

Mimi nilikuwa natandika zulia. Nilipofika karibu na maua niliinama kama mtu anayenyoosha mkunjo, nikasikiliza. Mwiko ulikuwa unagonga. Bakora ilikuwa inagonga, lakini polepole.

*

Mheshimiwa Bonaventura Tulizo alifika kwa msafara akiwa na vumbi la ukame begani, akaacha lisipanguswe mpaka lipigwe picha. Aliketi. Ukapigwa wimbo wa taifa, tukasimama wima wote.

Halafu ukaja utambulisho. Wageni wa nchi za nje wanaweza wasielewe kitu hiki. Kwetu, mtu aliyefika kwenye shughuli asipotambulishwa ni kama ametukanwa. Kwa hiyo mshereheshaji alimtambulisha kila aliyekaa meza kuu, cheo chake na cheo alichowahi kuwa nacho. Kila mmoja alisimama, akapunga mkono, akapigiwa makofi ya kilo, yale mazito ya pamoja, kisha makofi ya mkoa, marefu zaidi. Walitambulishwa wakuu wa idara na manaibu wao. Walitambulishwa waliotuma udhuru, na udhuru wao ukasomwa. Alitambulishwa dereva aliyeendesha gari la Waziri kutoka kwenye ukame bila kulala. Wa mwisho kabisa alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha sabuni, ambaye aliomba dakika mbili za kusalimia akatumia zaidi, akagawa sampuli.

Muda wote huo Sikudhani alikuwa amesimama kando ya jukwaa, macho kwenye maua.

Mheshimiwa Waziri akahutubia.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa. Tangu nchi hii ipate uhuru, hakuna kipindi ambacho kilima kikubwa namna hii kimewahi kuporomoka. Waliopita waliporomokewa na vichuguu!" Makofi. "Wapo wanaobeza. Wapo wanaosema eti majirani zetu nao wamepata kimbunga. Nawauliza: kimbunga chao kilioneshwa mubashara?" Makofi, bendi ikapiga kidogo. "Sisi maafa yetu yana ubora. Yana picha safi. Yana sauti safi. Nampongeza sana kijana wetu Fidelisi, ambaye ametuliza taifa zima. Mke wangu jana hakula."

Fidelisi aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha Waziri akatangaza kwamba papo hapo, kwa heshima ya marehemu wote, patajengwa mnara wa kumbukumbu, na akazindua rasmi maporomoko kwa kukata utepe. Kilima nyuma yake kikadondosha mawe mawili matatu, watu wakasema ni ishara nzuri.

Ikawa zamu ya Mfiwa Rasmi.

Sikudhani alipewa kipaza sauti. Fidelisi akamnong'oneza kwa pembeni, "Taratibu, dada. Na ukifika kwenye 'wazazi wangu', kata sauti."

"Kwanza kabisa," alianza Sikudhani, "namshukuru Mheshimiwa Rais kwa mapenzi yake kwa wahanga." Bwana Aristarki akatikisa kichwa kukubali. "Namshukuru Mheshimiwa Waziri kwa kuacha shughuli zake. Naishukuru..."

Aliyatazama yale maua. Nafikiri ndipo alipokumbuka kwamba bomba limezibwa, lakini redio ya mama yake haijazibwa.

"Mama," alisema kwenye kipaza sauti. "Ni mimi. Wameziba bomba, ndiyo maana kimya. Kama betri bado zipo, kama unanisikia, gonga. Wewe na Baba. Gongeni sana. Sasa hivi watanyamaza wote."

Fidelisi alimnyang'anya kipaza sauti huku akitabasamu kwa kamera, akasema huzuni imemzidi dada yetu. Pengine wangeweza kuvunja shughuli hapo. Lakini kitu kinachofuata kwenye ratiba kilikuwa dakika moja ya ukimya, na nchini kwetu hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuruka kitu kilichoandikwa kwenye ratiba. Mshereheshaji alisoma alichoandikiwa: "Tusimame wote, tuwakumbuke marehemu kwa dakika moja ya ukimya."

Tukasimama. Bendi ikanyamaza, mabango yakashushwa. Waziri akafumba macho.

Tok, tok, tok.

Ilitoka chini ya zulia. Mwiko kwenye sufuria, kwa nguvu, kwa haraka, kama mtu anayeita watoto waje kula. Ilisikika kwenye vipaza sauti vya jukwaani, na kwa kuwa tulikuwa mubashara, ilisikika kwenye vilabu vya pombe, maofisini, kwenye saluni na kwenye mabasi, nchi nzima, na nchi nzima ilikuwa kimya. Hakuna aliyethubutu kusogea, maana dakika ilikuwa haijaisha.

Sikudhani alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Alikuwa anangoja sauti ya pili. Nami niliingoja. Ilikuwa mwiko tu.

"Bosi, kelele," alisema fundi sauti.

Bwana Aristarki alitoa jasho kwa mara ya kwanza. Akapunga mkono kwa nguvu upande wa bendi. Matarumbeta yakalipuka, ngoma kubwa ikadunda, na dakika ya ukimya ikamalizikia humo.

Lakini watu walikuwa wameshasikia. Walioketi nyuma walitoka kwenye viti vyangu wote kwa pamoja, wakaenda kwenye mstari wa majembe. Polisi hawakujua wafanye nini, kwa sababu walikuwa wamepiga saluti, na bendi ilikuwa bado inapiga.

Turubai langu liling'olewa. Zulia likatupwa, meza kuu ikapinduliwa ikavunjika. Sikudhani alichomoa yale maua na kuanza kuchimba kwa kipande cha mguu wa meza kuu. Mheshimiwa Waziri alipewa jembe, akapigwa picha analishika, akalirudisha. Picha hiyo ilitoka kesho yake ikiwa na maneno "Waziri aongoza uokoaji".

*

Walimtoa Bi Mwantumu kupitia dirisha la jiko. Alikuwa mwekundu wa udongo kuanzia unyweleni, na shingoni ananing'iniza redio yake ndogo. Redio ilikuwa bado inapiga ile bendi.

Baada yake walimtoa Mzee Shomari. Walimlaza kwenye zulia jekundu, wakamfunika kwa bango la Ng'aring'ari, maana hapakuwa na kitu kingine karibu. Bakora ilikuwa bado mkononi.

Fidelisi hakupoteza muda. Nitasema hili moja kwa ajili yake, ni mchapa kazi. Alifika akiwa na kipaza sauti na leso.

"Bi mkubwa, taifa zima linakutazama. Unajisikiaje?"

"Anza na shukrani, mama," alinong'ona Bwana Aristarki. "Kwanza kabisa..."

Bi Mwantumu alitema udongo pembeni. Akamtazama Fidelisi uso mzima, kama mtu anayetafuta ameiona wapi sura hii, kumbe anaijua sauti.

"Wewe ndiye uliyesema nina themanini."

"Bi mkubwa..."

"Tulikuwa tunawasikiliza tangu mwanzo, mwanangu. Wimbo wa taifa tuliusikia wote wawili. Mzee alijaribu kujinyoosha, alikuwa askari zamani. Nikamwambia lala, hakuna anayekuona. Akacheka. Mlipoanza kutambulisha wageni akawa ananiuliza, huyu nani, na huyu nani. Nikawa namjibu. Wengine siwajui, namtungia. Yule dereva akasema huyo amestahili, ametoka mbali." Akaifuta redio kwa kiganja. "Mlipofika kwa mtu wa sabuni, hakuniuliza."

Sikudhani alikuwa amekaa chini, mguu wa meza bado mkononi. Hakulia. Mpiga picha alimsogezea kamera karibu sana, akasubiri, akachoka, akaigeuzia kwingine.

"Kulikuwa na upepo kidogo," alisema fundi sauti akigusa visikilizio vyake. "Sasa hivi kumetulia, hakuna kelele tena. Anaweza kurudia?"

Mimi si mwepesi wa kuhukumu. Nilikuwa nimewawekea akiba ya sababu tangu siku ya kwanza, moja kwa kila jambo. Niliposikia hilo nilikwenda nyuma ya gari lao nikatapika.

*

Taarifa ya habari ya jioni ilieleza kwamba wakati wa maneno ya mhanga kulitokea hitilafu za kiufundi zilizo nje ya uwezo wa kituo. Kuhusu Bi Mwantumu, kituo kilikuwa na kazi ngumu, kwa sababu kilishamtangaza, na kwa mujibu wa sheria marehemu aliyetangazwa hafutwi mpaka kufutwa kwake kuzinduliwe. Fidelisi alisoma kwa ile sauti yake: "Mwili wa Bi Mwantumu umepatikana ukiwa katika hali nzuri. Umepelekwa hospitali ya wilaya, ambako madaktari wanasema unaendelea vizuri na umeomba chai."

Mwaka ule alipata tuzo ya taifa ya utangazaji. Ng'aring'ari walidhamini.

Mnara ulijengwa. Una majina mawili, la Mzee Shomari na la Bi Mwantumu, na chini yake pameandikwa miaka themanini. Kila mwaka wakuu huja kuweka mashada, nami hupeleka viti, maana ndiyo kazi niliyonayo. Bi Mwantumu huombwa siku hiyo abaki ndani, kwa heshima ya marehemu. Habaki. Huja na bintiye, wakaketi viti vya nyuma kabisa, ameshika sufuria na mwiko. Wakati wote wa nyimbo na hotuba hutulia, hana neno na mtu. Mshereheshaji akisema tusimame kwa dakika moja ya ukimya, anaanza kugonga.

Walijaribu kumnyang'anya sufuria. Mwaka uliofuata walikuta nusu ya Mferejini wamekuja na masufuria yao, na mwaka wa tatu zikaanza kuja taarifa kwamba watu wanagonga hata mikoani, mbele ya runinga, kila inapotangazwa dakika ya ukimya kwa ajili ya jambo lolote. Kamati ya kitaifa ikaundwa, ikatembelea nchi kadhaa kujifunza, ikarudi na mapendekezo.

Ndiyo maana ukija kwetu, ukahudhuria mazishi ya mkubwa au kumbukumbu yoyote ya kitaifa, utaona sisi hatunyamazi. Mshereheshaji anatuomba tusimame tuwakumbuke marehemu kwa dakika moja ya matarumbeta, na bendi inapiga kwa nguvu zake zote mpaka dakika iishe. Wageni huuliza. Tunawaambia ni utamaduni wetu, tumeukuta.